Kabla gari la wilaya halijafika

Nyumba ya makuti au ya nyasi ikishika moto, paa huwa limekwisha ndani ya dakika chache. Gari la zimamoto lililojaa maji, kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo, likienda kilomita 40 kwa saa limejitahidi sana. Kijiji kilicho kilomita 60 kutoka makao makuu ya wilaya kitalisubiri saa moja na nusu, hapo hujahesabu muda wa kutafuta mtandao, kueleza mlipo na kumwamsha dereva. Piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania, kila mara. Lakini ukishapiga usikae kando ya barabara ukiangalia kama vumbi limetimka.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo ya mafuriko, ya nyoka, ya mama aliyeshikwa na uchungu usiku, ya lori lililopinduka kwenye kona. Msaada wa mbali huja, na ukija huwa na vitu ambavyo kijiji hakina: vifaa, madaktari, mahema, fedha. Saa ya kwanza, hata hivyo, ni ya majirani, na huwa ni saa ambayo mengi tayari yameshaamuliwa.

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na makasia mikononi. Watu 24 walitoka hai, 19 walifariki. Uwanja huo uko mjini, makao makuu ya mkoa, na bado mkono wa kwanza ulikuwa wa mvuvi. Kama Bukoba mjini ni hivyo, kijiji cha ndani kabisa hakina haja ya kujidanganya.

Wale wavuvi walikuwa na vyombo, ujuzi wa maji na roho ya kusaidia. Walichokosa ni kitu ambacho hakinunuliwi dukani: makubaliano yaliyofanyika kabla. Nani anampigia nani, boti ipi ina mafuta, kamba ndefu iko kwa nani, aliyeokolewa anapelekwa wapi na kwa usafiri gani. Tanzania ina mfumo wa kushughulikia maafa, tena mpana, na vijiji vina mifumo yao ya tangu na tangu. Vitu hivi viwili vinakutana wapi, na vinaachana wapi? Hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa.

Namba na jina la kijiji

Namba fupi za dharura si nyingi: 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji, 115 usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, 116 mtoto anayenyanyaswa au aliye hatarini, 199 Wizara ya Afya kwa mambo ya magonjwa, hasa ya mlipuko. Kuzipiga ni bure, hivyo simu isiyo na salio inatosha. Simu isiyo na chaji haitoshi, na vijijini tatizo mara nyingi ni chaji. Mwenye sola au betri ya gari katika kila kitongoji ni mtu muhimu kuliko anavyojua.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kueleza walipo. Anayepokea simu huenda hajawahi kufika kwenu maishani. Ukimwambia "tuko Kibaoni" umemwachia kitendawili, kwa maana Kibaoni ziko nyingi kama zilivyo Majengo, Mjimpya na Azimio. Taja kijiji, kata, wilaya na mkoa, kwa mpangilio huo, kisha alama ambayo haihami: shule, zahanati, daraja, mnara wa simu. Halafu tuma mtu barabara kuu akasubiri gari, awe na tochi kama ni usiku. Magari ya msaada hupotea kwenye njia panda za mwisho, zile ambazo hata ramani ya simu haizijui, na dereva mgeni akiuliza njia saa tisa usiku hakuna anayemfungulia mlango.

Dereva aliyekubali kabla ya kuamshwa

Mfano mzuri kuliko yote niujuao wa makubaliano ya mapema ni mfumo wa m-mama, ule wa namba 115. Ulianzia Kanda ya Ziwa, ukajaribiwa Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 ukaanza kusambazwa nchi nzima. Walioubuni walikabili ukweli ambao kila mwanakijiji anaujua: gari la wagonjwa ni moja kwa tarafa nzima, na siku unayolihitaji liko gereji au limempeleka mgonjwa mwingine mkoani.

Fikiria zamani ilivyokuwa, na kwingine bado iko hivyo. Saa nane usiku mama anavuja damu. Mume anakwenda kumgongea mwenye pikapu. Mwenye pikapu anasikitika kweli, lakini anauliza mafuta yako wapi, nani atalipa, na wakikutana na polisi atasemaje. Wanajadiliana uani. Hakuna mtu mbaya hapo, ila nusu saa imepita katika maneno, na mtu anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili.

m-mama iliyatoa maneno hayo usiku ikayapeleka mchana. Madereva wa kawaida wa jamii, wenye magari yao ya kawaida, huorodheshwa na kupewa maelekezo mapema, na nauli ya kila safari hujulikana kabla. Simu ikipigwa 115, mhudumu wa kituo huuliza maswali ya kupima uzito wa hali, huamua mgonjwa aende kituo gani, hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na likikosekana humpigia dereva wa jamii. Safari ikithibitishwa na kituo kilichompokea mgonjwa, dereva hulipwa kwa simu. Familia haitoi hata shilingi. Teknolojia inasaidia, lakini ukiitazama kwa jicho la mwanakijiji utaona kiini chake ni cha zamani: watu wamekaa mchana wakakubaliana.

Usafiri huo ni wa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Mzee aliyepooza ghafla au kijana aliyekatwa na panga la kufyekea hawamo. Kwa hao, kijiji kinaweza kuiga wazo lenyewe bila kusubiri mradi wowote. Wenye magari na bodaboda waitwe, bei ya kufika kituo cha afya na hospitali ya wilaya ikubaliwe, na kiwekwe wazi kwamba dereva atalipwa hata kama familia haina kitu usiku huo. Fedha itoke wapi? Vikundi vingi vya VICOBA tayari vina mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na ugonjwa. Mfuko huo ukikubali kumlipa dereva kwanza, kisha kudai familia polepole, swali la uani limekwisha.

Nitasema jambo ambalo huenda halitawapendeza wengi: kijiji kinachochangishana kwa ukarimu kununua jeneza na kukodi basi la mazishi, lakini hakina elfu thelathini ya kumpeleka mgonjwa hospitali, kimepanga fedha zake kinyumenyume.

Kamati ambayo ipo kwenye sheria

Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, imeweka kamati za maafa kwa ngazi: taifa, mkoa, wilaya, kata, hadi kijiji na mtaa. Uratibu wa juu uko Ofisi ya Waziri Mkuu. Wilayani mambo yako chini ya Mkuu wa Wilaya. Kwa maneno mengine, sheria imejua kwamba maafa huanzia kijijini, ikaweka chombo huko.

Sasa simama katikati ya gulio uulize watu kumi: kamati ya maafa ya kijiji chenu ina nani? Wengi watakutajia kamati ya maji, ya shule, pengine ya mazingira. Ya maafa watakuambia ni mwenyekiti na mtendaji "wakati likitokea". Hapo uzi unakatika. Kamati inayozaliwa siku ya mafuriko haijui wazee wangapi wanaishi peke yao, nani ana ulemavu, kaya gani ziko bondeni. Itatumia siku ya kwanza kuhesabu watu badala ya kuwatoa.

Dawa yake haihitaji semina. Mkutano mkuu wa kijiji, unaojumuisha kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Yeyote anaweza kusimama kwenye mengineyo akaomba wajumbe wa kamati wasomwe majina. Swali hilo moja, likiulizwa kwa adabu mbele ya watu, hufanya kazi kuliko barua tatu. Na yale yatakayokubaliwa hapo yanaweza kuandikwa kuwa sheria ndogo za kijiji na kupelekwa halmashauri kuidhinishwa: marufuku ya kujenga kwenye mkondo wa mto, wajibu wa kila kaya kusafisha mfereji wake, faini ya kuchoma shamba siku ya upepo bila kuwaarifu majirani.

Katika kamati hiyo wasikosekane mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu mmoja, mwenye duka la dawa, fundi anayejua umeme, mgambo, na wanawake wanaoteka maji, kwa sababu hao ndio wanaouona mto kila siku. Kama kuna mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza na Chama cha Msalaba Mwekundu, kijiji kina hazina, naye atumike kuwafundisha wengine. Kamati ya wazee wanaume saba ni nzuri kwa kugawa mahindi ya msaada. Kwa kuokoa watu inahitaji miguu, na masikio yanayosikia mambo ya kisimani.

Utabiri unasema mvua, hausemi mlima

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa taarifa zake kwa lugha ambayo ukiijua inakusaidia na usipoijua inakupita. Ngazi ni tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Kila taarifa huonyesha mambo mawili, ambayo watu huyasoma kama moja: uwezekano wa jambo kutokea, na kiwango cha athari likitokea. Taarifa inaweza kusema uwezekano ni mdogo lakini athari ni kubwa. Hiyo haimaanishi "lala tu". Inamaanisha yakitokea, yatakuwa mabaya, basi jua leo utakimbilia wapi.

Kisha kuna milimita. Mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24 huhesabiwa kuwa kubwa. Milimita 50 ni sentimita tano, zinasikika kidogo. Lakini kwenye kila mita moja ya mraba ni lita 50, yaani ndoo kubwa mbili na nusu. Kwenye ekari moja ni zaidi ya lita laki mbili, kama mapipa elfu moja. Chukua mteremko wenye ekari mia uliokwisha kukatwa miti, elekeza mapipa hayo yote kwenye korongo moja, ndipo utaelewa kwa nini mto unaweza kufurika mahali ambapo mvua haikunyesha kabisa. Watu wa chini huona jua, huku maji ya watu wa juu yapo njiani.

Agosti 2023 TMA ilitangaza kwamba vuli ya mwaka ule ingekuwa ya mvua za juu ya wastani katika maeneo mengi, kwa sababu ya El Niño. Utabiri ulikuwa sahihi. Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara ilimeguka. Hanang ni volkano iliyolala, yenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na miamba yake iliyochakaa ilikuwa imelowa maji kwa wiki nyingi. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa njia ya Mto Jorodom, vikapita Gendabi hadi mji mdogo wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, wengi wakiwa bado majumbani mwao.

Hakuna utabiri wa hali ya hewa ambao ungesema: mlima huu, siku hii, saa hii. TMA hupima anga. Udongo ulioshiba, ufa uliotokea kwenye shamba la mteremkoni, mti uliokuwa wima na sasa umeinama, hayo huonwa na mchungaji na mkata kuni. Ishara moja ya kukumbukwa kuliko zote ni kijito kinachobadilika ghafla: maji yakigeuka tope zito bila mvua ya kutosha kuyaeleza, au yakipungua ghafla mvua ikiwa inaendelea. Kupungua huko huwadanganya watu, wakadhani hali imetulia. Huenda kuna mahali juu pameziba, maji yanajikusanya nyuma ya kizuizi cha udongo na magogo, na kizuizi hicho kitaachia. Ukisikia mngurumo kama wa lori lisilofika, usitoke kwenda kutazama. Kimbia kwa ubavu, mbali na mkondo, kuelekea sehemu iliyoinuka. Usikimbie kufuata bonde kwenda chini, kwa sababu tope lina kasi kuliko wewe.

Kwa hiyo kijiji cha mlimani kinahitaji nyuzi mbili: redio au simu inayopokea taarifa za TMA, na mtu wa juu anayemwambia mtu wa chini alichokiona. Uzi wa kwanza serikali imekwisha kuusuka. Wa pili hauwezi kusukwa kutoka Dodoma.

Pale taarifa inapokutana na watu waliojipanga, tofauti huonekana. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoelekea pwani yetu, TMA ilikifuatilia siku kwa siku, na vyombo vya usafiri kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vikasitisha safari. Tarehe 4 Mei kilifika Mafia. Uharibifu ulikuwepo, nyumba na mashamba, lakini hatukuhesabu meli iliyozama na abiria.

Warufiji na dungu

Katika mjadala wa mafuriko kuna swali linalorudiwa kila mwaka kwa hasira: kwa nini hawa watu hawahami bondeni? Anayeuliza aende Rufiji kwanza.

Bonde la Rufiji limelisha watu kwa sababu linafurika. Maji yakipungua huacha udongo mweusi wenye unyevu, na humo hupandwa mazao ya mlau, yanayoota kwa unyevu uliobaki bila kungoja mvua nyingine. Wakulima walijenga dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, wakilinda mazao dhidi ya nguruwe na ndege, na maji yakija mapema walikuwa na mahali pa juu pa kulala na mtumbwi chini. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamishia watu vilimani katika Operesheni Rufiji. Makazi yalihama. Mashamba hayakuweza kuhama, na kila msimu watu walirudi bondeni kulima, wengine kwa kukaa miezi.

Hapa ndipo suala linapokuwa gumu kweli, na sidhani lina jibu moja. Mtu hawezi kuambiwa aache shamba linalomlisha kwa ajili ya mafuriko yanayokuja mara moja kwa miaka kadhaa. Wakati huo huo mvua na mito ya sasa haifuati mazoea yote ya babu: Aprili 2024 maji ya Rufiji yalifunika vijiji na mashamba kwa upana ambao madungu hayakutosha, na wakazi wakawa wanauliza kuhusu maji yanayotoka Bwawa la Julius Nyerere huko juu. Mkulima wa mlau sasa anahitaji taarifa ya aina mpya, ya bwawa, iliyo wazi na ya mapema, imfikie shambani na si ofisini kwa mtendaji. Kulala kilimani na kulima bondeni kunawezekana. Kulima bondeni bila kujua milango ya bwawa itafunguliwa lini ni kamari.

Yowe

Mtandao hukatika siku ile ile unayouhitaji. Mnara unategemea umeme, na nguzo zimeanguka. Kwa hiyo kila kijiji kinahitaji sauti.

Usukumani na Unyamwezini, sungusungu walipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, nguvu yao haikuwa mishale peke yake. Ilikuwa mwano, yowe la hatari linalopokezwa boma hadi boma, na kanuni kwamba asiyeitika hutozwa faini. Ndani ya muda mfupi watu wa vijiji kadhaa walikuwa wameziba njia zote za mwizi. Sungusungu walifanya pia mambo ya kutisha, ya kuhukumu watu bila haki, na simwombi mtu aige hayo. Lakini upashanaji habari ule haujapitwa na simu yoyote: haukuhitaji chaji, na ulimfikia kila mtu, hata asiyejua kusoma.

Kasoro ya yowe ni kwamba linaita. Mbiu ya mgambo ikilia watu hukimbilia inakotoka, na hilo linafaa kwa moto na kwa mwizi. Kwa maji au tope linaloshuka ni maangamizi. Ndiyo maana kijiji kinahitaji milio miwili iliyo tofauti kabisa: wa "njooni" na wa "kimbieni juu". Ngoma iwe moja, kengele ya shule au rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini iwe nyingine. Msikiti una kipaza sauti, kanisa lina kengele, na viongozi wa dini wanaweza kuombwa jambo kama hili. Ijaribiwe mchana wa siku ya kawaida, watoto wakiwemo, kwani watoto ndio watakaowakumbusha wazazi mlio upi una maana gani.

Mikono ya kusaidia inayoua

Nikirudi kwenye ile saa ya kwanza: majirani hufika na moyo mwema, na moyo mwema usio na maarifa umeua watu wengi. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikwenda na madumu. Mafuta yakalipuka, na waliokufa walizidi mia moja. Mafuta ya petroli hutoa mvuke usioonekana, mzito kuliko hewa, unaotambaa chini na kujaa mitaroni. Cheche ya pikipiki inayowashwa hatua nyingi kutoka kwenye lori inatosha. Vijiji vilivyo kando ya barabara kuu vinapaswa kuwa na mtu mwenye kauli, mwenyekiti au mzee anayeheshimika, ambaye kazi yake siku hiyo ni moja tu: kuwarudisha watu nyuma.

Maji yanayopita juu ya barabara nayo hudharauliwa. Maji yaendayo kasi yakifika sentimita 15, chini ya nusu ya muundi, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 huweza kuchukua magari mengi. Anayevuka huona maji tu, haoni kwamba barabara chini yake imeshakatika.

Nyoka anastahili nafasi zaidi, kwa sababu huuma watu wengi mashambani na habari zake hazifiki magazetini. Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na hata jina hilo la orodha linajieleza. Mtu akiumwa na kifutu, mguu huvimba na nyama huanza kuoza. Akiumwa na koboko, sumu hushambulia neva hadi pumzi hukatika. Kwa wote wawili tiba ni ile ile ya hospitali, dawa ya kuzima sumu, na kazi ya majirani ni kumfikisha akiwa hai bila kumwongezea madhara. Mvue pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaja. Mlaze, mtulize, mfunge banzi kwenye kiungo kama aliyevunjika, abebwe. Asitembee wala kukimbia, kwa kuwa msuli unaofanya kazi huisukuma sumu. Usichanje, usinyonye, usimfunge kamba ya kukata damu, maana kamba yenyewe inaweza kumpotezea mtu mguu. Lile jiwe jeusi la nyoka halifanyi kitu isipokuwa kupoteza muda. Usimsake nyoka ili umpeleke hospitali, utaumwa wewe pia.

Na swali la kuuliza leo, kabla ya msimu wa kupalilia: dawa ya sumu ya nyoka iko wapi? Zahanati nyingi hazina. Wakati mwingine hata kituo cha afya hakina, na hospitali ya wilaya inayo chupa chache. Mganga mfawidhi wa zahanati anaweza kupiga simu akajua. Familia iliyokwenda moja kwa moja mahali penye dawa hufika mapema kuliko ile iliyopitia vituo vitatu ikielekezwa mbele.

Majibu ya maswali haya yote, yakikusanywa, hujaa karatasi moja: dereva wa zamu na namba yake, bei za safari, dawa ya nyoka iko wapi, milio miwili na maana zake, mahali pa juu pa kukutania, wazee na wagonjwa wa kila kitongoji na kijana aliyepewa kazi ya kumtoa kila mmoja. Majina ya wazee na wagonjwa yabaki kwa wajumbe wa kamati. Mengine yabandikwe mlangoni mwa zahanati, dukani, shuleni na kwenye banda la bodaboda. Karatasi iandikwe kwa kalamu nzito isiyofutwa na mvua, na iandikwe upya kila mkutano mkuu, kwa sababu watu hubadilisha laini za simu, madereva huuza magari yao, na kijana aliyepangiwa kumbeba bibi yule wa kando ya mto huenda ameshakwenda Dar es Salaam kutafuta maisha.